Mji wa Abdiwali

Tangu mumewe aanze kuandika kile kitabu cha mji mwema, Tiya alimtilia shaka. Si kwamba kuandika ni kosa. Abdiwali alikuwa mwalimu wa fasihi hapo Garissa, na kalamu ndiyo iliyowalisha. Ila kila jioni, akimsomea jinsi watu wa mji huo wanavyoabudu wapendavyo bila kuulizwa, jicho lake moja lilikuwa dirishani kuona nani anapita. Mtu gani husifu uhuru huku anachungulia nje?

Mwaka huo wa tisini na sita mama yake Tiya, Tuye, alikuja kutoka Wajir kutibiwa miguu. Alikuja na kifuko chake cha buni za kahawa. Kwao Waborana wa zamani, buni nzima hukaangwa kwa samli, kisha wazee wakawaombea watu, mifugo na mvua. Nyumbani Tuye hakukosa asubuhi hata moja. Hapa kifuko kilikuwa bado kimefungwa, na yeye tayari anakunja nguo zake. Nyumba asiyoiombea hawezi kulala ndani yake, alisema, miguu ipone isipone.

"Umemwambia nini mama yangu?" Tiya alimbana mumewe.

"Wallahi sijamwambia kitu."

"Kitu gani hujamwambia?"

"Nimemwomba asubiri tu. Unawajua majirani, Tiya. Watasema tunafanya ushirikina."

Hasira zilimpanda Tiya. Kumbe shaka yake haikuwa ya bure.

"Basi msomee huo mji wako. Akiusikia labda atakaa."

Abdiwali akasoma, yeye upande huu wa pazia na Tuye upande ule, maana mkwe hamtazami mkwewe usoni. Alisoma vizuri, shetani huyo, mpaka Tiya mwenyewe akalainika.

"Mji zuri, mwalimu," Tuye akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Huko watu hana jirani?"

Abdiwali alifunika karatasi zake. "Kaanga buni zako, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Nyumba ni yako."

Tiya alikaribia kulia kwa furaha. Akawasha jiko, akampelekea mama yake nyuma ya pazia. Samli ikayeyuka, buni zikaanza kupasuka, harufu ikajaa chumba, na Tuye akaanza dua yake.

Abdiwali akainuka, akanyata, akafunga dirisha.

Dua ikakatika. Tuye aliipua sufuria, akamuuliza bintiye gari la Wajir huondoka saa ngapi.