Malka Iliyozibwa kwa Waya

Ukuta wa mto ulibakiza masanduku sita tu, na Umuro hakuwa na nguvu hata ya kufurahi. Miezi minane alikuwa nyapara pale ukingoni, nyuma ya soko la Isiolo, akisimamia vibarua wakijaza mawe kwenye masanduku ya waya ili mto usije ukala maduka mvua ikinyesha. Magoti yalimuuma, mgongo ulimuuma, na mkewe Batula alishachoka kuambiwa vinauma.

Lakini kulikuwa na ahadi. Ukuta ukikaguliwa Alhamisi na kupita, Injinia Kiragu angemwandika kazi ya kudumu: mlinzi wa lango la bwawa dogo lililojengwa hapo chini. Kiti, koti la mvua, na mshahara wa kila mwezi hadi uzee. Mji mzima ulijua. Kwa Njambi wa chai walikuwa wanamwita Bwana Lango, na wenye mashamba walishaanza kumbembeleza awafungulie maji kabla hata hajapewa ufunguo.

Jumanne mchana akatokea Jirma na ng'ombe zaidi ya mia kutoka upande wa Merti. Jirma ni kaka yake Batula, mtu wa maneno machache akiwa na kiu na mengi mno akishakunywa.

"Salaam aleikum, shemeji."

"Aleikum salaam. Njia ilikuwaje?"

"Kavu. Malka iko wapi?"

Malka ni pale mifugo inaposhukia mtoni kunywa. Hiyo ya Isiolo ilikuwa mteremko mpana uliochimbwa na kwato tangu mji haujawa mji. Umuro akanyoosha kidole kwenye masanduku ya waya.

Jirma akatazama. "Mumeziba."

"Tumeziba."

"Sasa hawa wapande ngazi?"

Kosa lilikuwa la Umuro mwenyewe. Kiragu alikuja kupima mvua zilipokuwa zimeisha tu, mifugo yote iko mbali kwenye majani, hakuna hata kwato moja mtoni. Akaona ukingo umebomoka, akauliza, "Mzee, hapa ndipo mto umekula?" Umuro alikuwa ameandikwa kazi asubuhi ile ile, na mtu aliyeandikwa asubuhi hamkosoi injinia saa nne. Akasema ndiyo. Kiragu akapaka hapo wino mwekundu kwenye ramani, na malka ikawa kidonda cha kutibiwa.

"Nipite kule chini?" Jirma akauliza.

"Kule ni mahindi ya watu. Yakikanyagwa tutalala kwa chifu."

"Juu?"

"Juu ni majabali. Hata mbuzi anafikiria mara mbili."

Ng'ombe walishasikia harufu ya maji. Mmoja akapiga magoti, akaingiza ulimi katikati ya mawe, akalamba ubaridi tu. Batula, naye kibarua pale, akafika na karai la mawe kichwani, akalitua, akamwangalia mume wake.

"Ulimwambia nini huyo injinia?"

"Nilisema ni mto."

"Wewe? Umenyweshea hapa ng'ombe wa baba yako."

"Mwache," Jirma akasema. "Anafikiria kile kiti."

Umuro akaketi juu ya sanduku. Alifikiria kiti kweli, muda mrefu. Kisha akachukua koleo, akaanza kufungua waya. Akafungua masanduku matatu, wanawake vibarua wakabeba yale yale mawe waliyoyaleta, wakayarundika kando. Walifanya kazi bila wimbo wala mzaha. Karibu na alasiri pengo likatosha, ng'ombe wakashuka kwa kusukumana.

Alhamisi Kiragu akaja na faili kwapani, macho mekundu kwa vumbi la barabara. Akasimama mbele ya pengo.

"Mzee, nani alifungua?"

"Mimi."

"Uliniambia mto ndio umekula."

"Nilidanganya. Hii ni njia ya ng'ombe."

"Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza nikiwa na njaa."

Kiragu akakaa juu ya mawe, akavua kofia. Kundi lingine likapita kushuka, na yeye akavuta miguu wasimkanyage.

"Pengo litabaki," akasema mwishoni. "Tutapigilia mawe sakafuni na kukunja ukuta pande zote mbili. Lakini lango siwezi kukupa, mzee. Nikiandika mtu aliyebomoa ukuta, na mimi nitaandikiwa barua ya kufutwa."

"Najua."

"Kuna wiki mbili za kibarua hapa kwenye pengo. Utaweza?"

"Nitaweza. Leo nalala."

Akajilaza hapo hapo kwenye kivuli cha ukuta, shuka usoni, mifugo ya watu ikipita karibu na kichwa chake. Alasiri Batula akaja kumwamsha. Umuro akaswali, akamuuliza kama kuna chai, na kabla hajajibiwa akawa amelala tena.