Ngozi ya Mbuzi

Watu wa runinga walipofika Kaisho kutafuta Wahima wa asili, wale wafugaji wa ng'ombe, walielekezwa moja kwa moja kwa Kobugabe. Anayetaka maneno Kaisho haelekezwi kwingine. Kobugabe alikuwa mjane mwenye ng'ombe wachache, nyumba ya bati, taa ya sola, na mdomo uliowahi kumchekesha padri katikati ya maziko. Aliyemwombea padri huyo msamaha kwa Mungu sijui ni nani.

Alikuwa na binti mmoja wa kulea, Ninsiima, mtoto wa marehemu kaka yake. Ninsiima alikuwa muuguzi kwenye zahanati moja huko Kayanga, na kahawa ikishavunwa angeolewa na Gosbert wa Ihembe. Siku ya harusi Kobugabe, kwa kuwa ndiye shangazi, angemshika mkono bibi harusi, amvushe mlango wa wakwe na kusema mbele ya watu: "Huyu ni wetu, nimemleta mimi." Maneno hayo ni ya shangazi, hayasemwi na mwingine. Kobugabe alikuwa ameshayafanyia mazoezi mbele ya ndama, nao hawakuwa na pingamizi.

Mkubwa wa wale wageni aliitwa Cleophace, kijana wa Kihaya aliyekulia Dar es Salaam, mpole, mwenye miwani mikubwa. Kobugabe alimkaribisha maziwa kwenye ekyanzi, kile chombo cha mti cha kumheshimu mgeni, naye akanywa mpaka tone la mwisho. Mambo yalianzia hapo kuharibika. Mgeni akishamaliza maziwa yako, humkatalii atakachoomba. Cleophace hakulijua hilo, yeye aliomba tu.

"Mama, tunataka kuonyesha asili yenu."

"Asili ndiyo ipi, mwanangu?"

"Mlivyokuwa kabla ya wazungu kuja."

"Kabla ya wazungu mimi sikuwepo. Kwani mmenionaje?"

Cleophace alicheka vizuri tu, kisha akaendelea kuomba. Aliomba sola ishushwe kidogo. Viti vya plastiki vikaondolewa. Akaomba wakae kwenye kibanda cha ndama badala ya sebuleni, kwa sababu sebuleni palikuwa na kabati la vioo na picha ya kipaimara cha Ninsiima. Mwishowe akatoa ngozi kwenye gari, akamwomba mama aivae.

Kobugabe aliishika, akaigeuza, akainusa. Ilikuwa ya mbuzi.

Bibi zake walivaa ya ng'ombe, iliyolainishwa kwa samli mpaka ikawa laini kama kitenge. Mwanamke wa Kihima kuvaa mbuzi ni sawa na askofu kupanda madhabahuni na gunia la mkaa. Kobugabe alitaka kukataa, akakumbuka maziwa. Halafu utani wake ukamwasha. Akajiambia: mtu gani duniani asiyeijua ngozi ya mbuzi? Atakayeiona tu atajua huyu mama anacheza, na lolote atakalosema baada ya hapo litakuwa mchezo. Akaivaa, akaketi kati ya ndama, akakunja uso.

"Maji huwa mnayapata wapi, mama?"

"Maji ni ya ng'ombe. Sisi mtoto wa kike tunamwogesha akizaliwa, halafu tena siku ya kuolewa. Katikati hapo ni samli."

"Kweli?"

"Nikudanganye, na maziwa yangu umeshayanywa?"

Majirani waliojaa uani walishika mbavu. Mackrine, jirani yake mkulima, mwenye migomba mikubwa kuliko wote upande ule, ilibidi akimbilie nyuma ya nyumba akacheke huko. Kobugabe akanogewa. Akasema ng'ombe akinuna, nyumba nzima hailali. Akasema mume akisafiri anaaga ng'ombe kwanza, mke baadaye, kama muda unaruhusu. Wageni waliondoka wakimshika mikono kwa shukrani.

Ile filamu ilipotoka, kicheko hakikuwemo hata kimoja. Walikuwa wamekikata, mahali pake wakaweka filimbi ya majonzi na sauti ya mwanaume aliyezungumza kama anasoma wasifu wa marehemu: watu waliosahauliwa na wakati. Kipande cha kuogeshwa kilitolewa peke yake, kikasambaa kwenye simu za watu kama moto wa kiangazi. Kobugabe alikitazama kwenye simu ya Mackrine. Chini ya uso wake paliandikwa "Mwanamke wa Kihima".

"Jina langu limekwenda wapi?" aliuliza.

"Wamelisahau," Mackrine alisema. "Lakini umetoka vizuri, dada. Meno yote yanaonekana."

Kobugabe alijaribu kucheka. Alikuwa anajitazama mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakuona palipokuwa na utani.

Ninsiima alirudi kutoka Kayanga mwisho wa mwezi. Aliamkia, akaweka mkoba chini, akakaa bila kuvua viatu.

"Shangazi, wagonjwa wananiambia nikanawe."

"Si unanawa?"

"Ninanawa. Nikitoka kunawa wananiambia nikanawe tena. Nanawa tena."

"Hawakuona ile ngozi? Ilikuwa ya mbuzi, mwanangu! Mbuzi!"

"Nani ataona, shangazi? Wewe ndiye unayeona."

Kisha akatoa lililomleta. Mama yake Gosbert, Mama Evangelina, alikuwa ametuma neno. Ndoa ipo palepale, ila anaomba bibi harusi akabidhiwe na mtu mwingine. Watu wa kwaya wameona, watu wa usharika wameona, na siku ile wote watakuwepo. Hataki harusi ya mwanawe igeuke kichekesho.

Kobugabe aliamua kwenda mwenyewe. Asubuhi alivaa kitenge chake cha Pasaka na viatu vya kufunika, akapanda bodaboda mpaka barabarani, akapanda gari, akafika Ihembe alasiri. Nyumba ya Mama Evangelina ilikuwa katikati ya kibanja chake, migomba na mibuni imeizunguka mpaka mlangoni, ua umefagiwa vizuri sana. Mwenyewe alitoka nje kumlaki kwa mikono miwili. Hakuna anayeweza kusema alipokewa vibaya.

Ila kiti alichowekewa kilikuwa kimetandikwa kanga kuukuu, na vingine havikutandikwa. Kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna kilipopita, kila mtu alichota kwa mkono wake. Za Kobugabe zilikuja kwenye kisosi. Alizitazama zile punje, akatia moja mdomoni, akatafuna taratibu.

"Mkwe," alisema, "ule ulikuwa utani. Niliwatania wale vijana. Sisi tunaoga kama nyinyi. Mtoto huyu nimemwogesha mwenyewe kila jioni, mpaka akanikimbia kwa aibu ya ukubwa."

Mama Evangelina alitabasamu, akawageukia wanawe. "Mnamsikia? Ndivyo alivyo hata kwenye ile filamu. Mcheshi kweli."

"Sasa hivi sitanii."

"Najua, mama, najua."

"Mngeitazama ile ngozi tu. Hakuna Mhima anayevaa vile. Ile ni ya mbuzi."

Mama Evangelina aliinamisha kichwa kidogo, akafikiri kwa dhati, kama mtu anayetaka kusaidia. Kisha akasema kwa upole, "Ngozi ni ngozi, mama."

 Kobugabe aliweka kisosi chini.

"Mimi sisemi hamuogi," Mama Evangelina aliendelea. "Mimi nakuona hapa, nguo safi, mtu wa heshima. Lakini hapa nakuona mimi peke yangu. Ile wameiona wote."

Aliporudi Kaisho alimkuta Ninsiima uani, macho yamevimba.

"Ukisema niachane nao, naachana nao leo. Nampigia Gosbert simu sasa hivi."

"Gosbert mwenyewe anasemaje?"

"Anasema tumvumilie mama yake. Ananipenda, shangazi."

Simu alikuwa ameishika mkononi, lakini kwa alivyoishika alikuwa kama anaomba asiambiwe apige. Kobugabe aliliona hilo. Aliketi kwenye ngazi, akavua viatu vilivyokuwa vimemkata visigino.

"Kamwite Mackrine," alisema.

Basi Mackrine akawa shangazi. Alikataa kwanza, akalia, akasema atapatwa na laana, halafu akaulizia atavaa nini. Kobugabe alimfundisha jinsi ya kumshika mkono bibi harusi, wa kushoto, kwa juu ya kiwiko. Alimfundisha mahali pa kusimama na mahali pa kunyamaza. Akamfundisha na yale maneno.

"Huyu ni wetu, nimemleta mimi," Mackrine alisema.

"Usiseme kama unauza ndizi. Sema polepole."

"Huyu ni wetu. Nimemleta mimi."

"Sawa," alisema Kobugabe, akatazama pembeni.

Siku yenyewe, asubuhi, alimvalisha Ninsiima ndani, mlango umefungwa. Kabla ya gauni, shangazi humpaka bibi harusi samli mpya shingoni na mikononi, ile ya kunukia, iliyofukizwa kwa majani mazuri. Kobugabe alikuwa ameichota kwenye kiganja, inayeyuka. Ninsiima akarudi nyuma hatua moja.

"Nisamehe, shangazi. Leo watanikaribia sana."

Kobugabe alisimama na kiganja chake. Kisha akajipaka mwenyewe mikono yote miwili mpaka ikaisha, akajifuta kwenye kanga, akamfunga vifungo vya gauni mgongoni. Vilikuwa vidogo, na vidole vilikuwa vinateleza.

Gari lilikuwa linanguruma nje. Mackrine alishakaa ndani, kilemba kimesimama kama mnara wa kanisa. Ninsiima alimkumbatia shangazi yake muda mrefu, akapanda. Dereva alipoingiza gia, Mackrine akatoa kichwa dirishani, amechanganyikiwa.

"Dada! Dada, subiri! Wakiniuliza ukoo wetu ni upi, niseme nini?"

Kobugabe alimtazama, akamtazama Ninsiima aliyekuwa ameinamisha uso kwenye maua.

"Sema wowote," alisema. "Hawatajua."