Mchuzi wa Hadidja

Malika aliolewa na Zakaria baada ya mke wake wa kwanza, Hadidja, kufariki. Alijua kwamba anaingia katika nyumba ya msiba. Asichojua ni kwamba marehemu anaweza kuishika nyumba kuliko aliye hai. Mapazia yalikuwa ya Hadidja, sufuria za Hadidja, hata majirani pale mtaani Makiso walimlinganisha naye bila kuona haya. Na alikuwapo Karima, binti wa marehemu, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliyemjibu Malika kwa adabu na kwa maneno machache, kama mtu anayejibu mgeni.

Ilipokaribia Idi, umeme ulikatika tangu alfajiri. Zakaria alitoa samaki haraka haraka kwenye friza, akawapeleka kwa jirani mwenye jenereta, kisha akaenda kazini bandarini. Malika akabaki kusafisha. Chini kabisa, katika barafu, alikuta kopo la plastiki lililofungwa kwa kipande cha kitenge. Kitenge kile alikijua. Hadidja alikivaa katika picha ya sebuleni. Ndani ya kopo mlikuwa na mchuzi mwekundu, umeganda, bado mgumu kama jiwe. Haukuwa umeharibika, na Malika aliona hivyo kwa macho yake. Hata hivyo alitoka nao nyuma ya nyumba, akautupa jalalani, akaosha kopo na kulificha pamoja na kitenge chake. Moyoni alisikia kafuraha kadogo, kama mtu aliyechomoa mwiba.

Jioni Karima alifungua friza, akapekua, akapekua tena.

"Sosi ya mama iko wapi?"

Hapo ndipo Malika alipojua alichokitupa. Hadidja alikuwa mpishi katika nyumba ya masista wa Kiitalia, na kwao alijifunza kupika mchuzi wa tambi, ule wa nyama unaochemka nusu ya siku. Kila sikukuu aliupika nyumbani. Sufuria ya mwisho aliipika wiki moja kabla ya kulazwa, na Karima alificha kopo moja, asitake liguswe na mtu.

Zakaria alijishika kichwa. "Asubuhi nilitoa vitu mbio mbio. Labda ilitoka pamoja na samaki, ikaanguka njiani. Labda ni mie, binti yangu."

"Ni wewe, papa," Karima alisema. "Unataka tumusahau."

Malika alisimama pale na mwiko mkononi. Kisha akageuka, akaendelea kukoroga sufuria.

Tangu siku hiyo Karima hakuzungumza na baba yake. Zakaria alikuwa akimnunulia mikate anayoipenda, na mikate ikakauka mezani. Malika aliiona kila asubuhi. Kila Zakaria alipomwambia, "Malika, nisaidie kuongea na huyu mutoto," aliitikia huku akitazama sakafu.

Ndipo alipomtafuta Priscille, mwanamke aliyefanya kazi jikoni pamoja na Hadidja.

"Masista walitia divai," Priscille alimwambia. "Hadidja alikataa, yeye Mwislamu. Alitia maziwa. Bon, sikiliza: usifanye haraka. Sosi hii haipendi moto mukali. Unamupikia nani?"

"Mutoto."

"Alors, Mungu akubariki."

Baraka ile ilimchoma kuliko tusi.

Siku iliyofuata, Zakaria akiwa bandarini na Karima shuleni, Malika aliwasha makaa. Alikatakata kitunguu, karoti na seleri hadi vikawa vidogo kama punje za mchele, akavilainisha katika mafuta taratibu. Akatia nyama ya kusaga, akangoja maji yake yakauke. Akatia maziwa, yakanywewa. Kisha nyanya. Akapunguza makaa hadi mchuzi ukawa unatoa kiputo kimoja kimoja, kama mtu anayepumua usingizini, akaketi kando yake, akikoroga. Harufu nzuri ilipojaa nyumbani, alifungua madirisha yote ili itoke kabla msichana hajarudi. Akautia mchuzi katika kopo lile lile, akalifunga kwa kitenge kile kile, akalizika chini ya barafu.

Baada ya siku chache alimwita Karima. "Tazama, iko hapa. Ilinasa chini ya barafu."

Karima alilia. Alimkimbilia baba yake, akamwomba msamaha, na Zakaria akalia pia. Kisha msichana akasema anataka waule pamoja, wote watatu, ili usipotee tena. Malika akachemsha tambi.

Karima alionja, akafumba macho.

"Ni yenyewe," alisema. Akamgeukia Malika, na kwa mara ya kwanza alimsimulia juu ya mama yake. "Nilikuwa naogopa, mama Malika. Nilikuwa nimeanza kusahau namna ilikuwa. Sasa najua. Ilikuwa hivi."

Malika akaona alichokuwa anakifanya. Mara ya kwanza alitupa chakula. Sasa alikuwa anaingiza mkono katika kichwa cha mtoto, akimtoa mama yake na kujiweka yeye.

"Usile," alisema. "Si ya mama yako. Nimeipika mie. Yake niliitupa. Niliona kitenge, nikajua ni yake, nikaitupa."

Karima aliweka uma chini polepole, akaenda chumbani, akatoka na mfuko wa nguo. Alipanda baiskeli ya abiria, toleka ya kwanza iliyopita, akaenda kwa shangazi yake mtaani Kabondo.

"Uliniacha nichukiwe na mutoto wangu," Zakaria alisema. "Kila siku uliniona, na ulinyamaza."

Maji yakimwagika hayazoleki. Zakaria alihamia kulala sebuleni, na ndugu zake walikuja wakaketi na kuzungumza kwa sauti za chini.

Hata hivyo Zakaria hakumfukuza Malika. Baada ya muda Karima alirudi, kwa ajili ya baba yake. Alimsalimu Malika, akapita. Siku nyingine alisimama mlangoni na kuuliza, "Nani alikufundisha kuipika?"

"Mama Priscille."

Jumapili kadhaa Karima alikwenda kwa Priscille kujifunza. Halafu Jumapili moja alifunga mlango wa jiko, akapika sosi ile peke yake tangu asubuhi. Malika alikaa uani akichambua majani ya sombe, hakuthubutu hata kuuliza kama makaa yanatosha.

Mchana Karima alimpakulia baba yake, akajipakulia yeye, akaketi. Malika alipoingia kuchukua maji, msichana alisema bila kuinua macho:

"Nyingine iko kwenye sufuria. Ujitilie mwenyewe."

Malika alijitilia kidogo. Akavuta kiti cha pembeni, akaketi nao, wakala wote watatu.