X Hasemi Mbele za Watu

Usiku wa kuamkia mtihani wa kujiunga na chuo cha ufundi niliota nimesimama juu ya mizani ya malori, ile ya barabara kuu, na X, yule wa kwenye hesabu, amesimama kando yangu.

X alikuwa mrefu, mikono na miguu ameitanua kama mtu anayepimwa nguo na fundi. Nikamuuliza, "Wewe ni ngapi?"

"Sisemi mbele za watu," akanijibu. "Nikibaki peke yangu nitasema."

Upande wa pili wa mizani, kwenye kiti cha sebuleni kwetu, ameketi baba mdogo Mfaume ndani ya kanzu yake ya Ijumaa. Huyu ndiye aliyenilea, na ndiye aliyetamka juzi mbele ya ukoo mzima kwamba mwaka huu sifanyi mtihani. Nimeshaanguka mara mbili kwa hesabu za herufi, alisema, yatosha. Nibaki nyumbani nimpikie na kumfulia.

Katikati yetu wamelala mabibi wawili wembamba, sambamba, wamevaa sare za watu wa mizani. Hao ndio alama ya sawasawa. Wanazungumza kwa pamoja.

"Uzito umelingana," wanasema. "X na Zamoyoni huku, Mfaume kule. Nani anataka nini?"

"Nataka X abaki peke yake," nasema.

"Kazi rahisi," anasema baba mdogo. "Huyu binti avuke aje upande wangu. Si ndivyo mlivyofundishwa? Hamisha, badili alama."

Ndivyo tulivyofundishwa kweli. Mwalimu alituimbisha maneno hayo mpaka tukayakariri, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.

Hapo mizani ikawa ukumbi wa mtihani, na hakuna aliyeshangaa. Namba Saba mmoja mnene akaomba njia. Alivuka juu ya mabibi akicheka, akatokea upande wa pili amekuwa hasi: anatembea kinyumenyume na kuitikia "ndiyo, baba" kwa kila neno. Baba mdogo akamtuma maji ya kunywa.

Niliogopa, sitaficha. Kisha hasira ikanipanda.

"Sivuki," nikasema.

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi!"

"Basi Idi ndiyo leo, baba mdogo." Nikawageukia mabibi. "Hivi kuna kitu kinachovuka kweli?"

Mabibi wakatazamana. "Miaka yote hii hakuna aliyetuuliza," wakasema. "Hapana. Hakuna kinachovuka. Kitu huondolewa huku, na kiasi kilekile huondolewa kule."

"Na yule Saba?"

"Yule alitii tu."

"Basi niondoeni mimi. Pande zote mbili."

Baba mdogo akaruka kitini. "Ngojeni kwanza! Kwangu mtaondoa nini, na yeye yuko huko?"

"Kila kilicho chake kilichoko kwako," wakasema mabibi, bila kupandisha sauti.

Nikashuka. Palepale pasi niliyoipiga ikatoka kwenye kanzu, nayo ikakunjamana. Wali niliompikia ukamtoka tumboni, akajishika mbavu kwa njaa. Vifungo nilivyovishona kwa mkono wangu vikachomoka, vikaruka mpaka kiganjani mwangu. Baba mdogo akapungua, akapungua, mpaka miguu ikawa haifiki sakafuni. Nilimhurumia, maana ni mzazi wangu. Lakini sikurudi.

X alipoona amebaki peke yake, akakohoa kidogo. "Mimi ni tatu," akasema. "Siku zote hizo ulikuwa unaniogopea nini?"

Nikaamka. Kumekucha, na baba mdogo anabisha hodi. Nilipofungua nikamkuta amesimama mlangoni, kanzu ameishikilia kifuani kwa mkono.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. We Zamoyoni, vifungo vya kanzu yangu vimekwenda wapi? Jana nimeivua vikiwapo."

Hapo ndipo nikatambua kwamba mkono wangu wa kushoto bado umekunja ngumi. Nikaufungua. Vifungo vitatu, na uzi wangu mweupe unaning'inia kwenye kila kimoja.

Akavitazama, akanitazama. Nikavimimina kiganjani mwake kwa heshima, kwa mikono miwili.

"Sindano iko juu ya kabati, baba mdogo," nikasema, nikichukua penseli yangu. "Mimi nawahi mtihani."