Sufuria Lililovaa Tai

Usiku wa kuamkia leo, nimejilaza mkekani kando ya kitanda cha bibi yangu Nyamizi, ambaye tangu Ijumaa alikuwa amegoma kula, niliota nimeitwa ofisini kwa kampuni ya Bima ya Pumzi, ghorofani.

Mkurugenzi alikuwa sufuria. Lile hasa la msibani, la kupikia mtaa mzima, jeusi kwa masizi, tai ikining'inia kwenye sikio moja.

"Karibu, mjukuu," likasema. "Keti ujue tulikotoka."

Nikaketi. Kiti kikaguna.

"Zamani wanawake wa mtaa wenu walichangishana wakaninunua, wasiaibike tena kwa kuazima sufuria wakifiwa. Nikapika misiba yote. Siku moja akaja bwana wa miwani: mbona mnachanga mtu akishakufa? Changeni angali hai! Basi, nikaachana na kuni, nikapewa ofisi."

"Hongera."

"Ahsante. Katika wale walioninunua amebaki bibi yako tu. Akienda yeye, historia yetu inatimia, tunachapa kalenda yenye picha yake."

Mlango wa lifti unafunguka. Kumbe si lifti, ni uani kwetu, Tabora. Turubai limeshafungwa. Bibi ameketi kwenye kigoda, anachambua mchele.

"Bibi! Msiba wa nani?"

"Wangu. Na mchele wenyewe una mawe, mume wangu. Watu watavunjika meno, waseme Nyamizi hata kufa hajui."

"Lakini hujafa!"

"Kampuni hulipa mtu akifa, na hawa wameshalipa. Sasa niwaangushe?"

Sufuria linateremka ngazi taratibu, linayaendea mafiga. Naona wazi: likitua tu, bibi sina.

Sasa, kwetu mjukuu ni mtani wa bibi yake, na mtani msibani hana wa kumkataza. Hujilaza hata kaburini, hatoki mpaka apewe anachodai. Nikawahi. Nikakaa juu ya mafiga, nikakunja nne.

"Ondoka, kijana," likasema sufuria.

"Mtani haondoki bure."

"Unataka nini? Mbuzi?"

"Mbuzi kaa naye. Nataka mke wangu."

Wapishi wanatazamana. Sufuria linavua tai, linajifuta jasho.

"Mila ni mila," likasema kwa unyonge. "Na kalenda?"

"Weka picha yako."

Bibi akasukuma ungo pembeni, akanikata jicho. "Na pilau nilikuwa nimeshalitamani!"

Nikaamka. Jua limeshaingia dirishani. Bibi amekaa kitandani, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"We mume suruali, utalala mpaka lini? Nataka pilau. Na mchele uuchambue vizuri."

Nikaruka mbio kuelekea jikoni. Nyuma yangu nikamsikia akicheka mpaka anapaliwa.

"Hebu simama! Hiyo bukta umekalia nini?"

Nikajipapasa makalio, nikatazama kiganja. Masizi.

Nyumba hii tunapikia gesi.