Kanda ya Rogathe

Mwaka ule sabuni ilipotoweka madukani na watu wa Ugweno wakafulia majani ya mpapai, Rogathe alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikwishamaliza kitabu kizima cha mazoezi ya filimbi. Ilikuwa filimbi ya mbao, yenye matundu manane, iliyoachwa misheni na mama mmoja wa Kijerumani. Mwalimu Eliufoo, kiongozi wa kwaya, ndiye aliyemfundisha kusoma noti. Alipoona binti hashikiki, akamtolea violini kabatini. Nyuzi zilipokatika hapakuwa na pa kununua. Rogathe alifunga mshipi wa kuvulia samaki kutoka Ziwa Jipe, akaendelea huku vidole vinamchubuka. Mwalimu alimwita mwanangu, naye alimwita baba.

Miaka minne baadaye ikaja habari ya nafasi ya kusomea muziki Ujerumani. Waombaji watume kanda. Mwalimu alimrekodi kanisani, upande mmoja filimbi, wa pili violini.

"Fomu nitajaza mwenyewe," alisema. "Wewe piga tu."

Miezi ikapita. Siku moja akamwita pembeni. "Wamekukataa, mwanangu. Wanasema hujaiva."

Mwaka huohuo Lydia, binti wa Mwalimu, akapata safari ya Ujerumani. Kusomea ualimu wa chekechea, watu waliambiwa. Rogathe alimbebea sanduku hadi stendi ya Mwanga.

Haukutimia mwaka, Lydia akarudi. Alimfuata Rogathe shambani, akaketi chini na gauni lake zuri.

"Kumbe ni chuo cha muziki. Walinipa violini mbele ya walimu watano. Nikashindwa. Wakawasha kanda iliyotumwa kwa jina langu." Alishindwa kumtazama. "Rogathe, ni wewe uliyekuwa unapiga. Naapa sikujua."

Mwalimu Eliufoo alikuwa akianika kahawa. Kwa mara ya kwanza Rogathe hakumwamkia.

"Baba, umenifanyia nini?"

Mzee hakukana. "Wewe una mikono, ungepata tu njia nyingine. Lydia hakuwa na kitu ila mimi."

"Basi ungeninyima nafasi, ukanyamaza! Kwa nini uliniambia sijaiva? Mwaka mzima nimeanza upya, nikidhani sijui kitu."

Mwalimu aliendelea kugeuza kahawa.

Rogathe aliteremka Same, akafundisha nyimbo shule ya msingi, akifanya mazoezi darasani watoto wakishatoka. Milango ya biashara ilipofunguliwa na hoteli za watu binafsi zikaota Arusha, alikwenda mojawapo kujaribiwa upigaji violini, akachukuliwa. Baadaye akaingia kundi la wapigaji wanne, wakawa wanaitwa hadi Dar es Salaam na Nairobi.

Mwaka wa tisini na sita kundi lilialikwa Same. Ukumbi ulijaa. Safu ya mbele alikaa mzee Eliufoo, akimwambia jirani yake kwa sauti, "Huyo nimemlea mimi. Noti ya kwanza nimemfundisha mimi."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomchoma. Rogathe alikigeuza kiti chake, akakaa upande ambao asingemwona mzee, akawaashiria wenzake waanze.