Kundi la Tatu

Panya wote walikuwa na kisukari. Wa kundi la kwanza walinyweshwa dawa ya majani, wa kundi la pili maji. Sukari ya kundi la kwanza ilishuka vizuri, na mkuu wa maabara akaanza kutembea kwa madaha. Mtafiti, ambaye ndiye aliyesafisha vizimba, hakuwa na nguvu ya kufurahi. Alikuwa ameona jambo dogo: panya wa majani walikuwa wakibakiza chakula.

Akaunda kundi la tatu. Hawa walipewa maji matupu, lakini chakula chao kilipunguzwa kikalingana na kile walichokula wenzao wa majani. Leo mchana aliwatoa damu mkiani, akapima. Sukari yao ilikuwa imeshuka vilevile. Majani hayakuwa yameshusha kitu. Uchungu wa majani uliwaondolea panya hamu ya kula, na njaa ikafanya kazi iliyobaki.

Alivua koti jeupe, akaenda kwa shangazi yake, fundi cherehani, ambaye majani hayo yalichumwa uani kwake. Jana binamu, mtoto wa shangazi huyo, alikuwa amepiga simu: tangu Mama asikie kwamba majani yanapimwa chuoni, ameacha vidonge vya kisukari. Kwake yeye, kinachopimwa na wasomi kimeshafaulu.

"Karibu, Daktari wa Panya! Wagonjwa wako hawajambo?"

"Hawajambo. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa, mwanangu, uchovu utakuangusha."

Gauni la shangazi lilikuwa limepunguzwa kiunoni kwa mshono mpya, na bado lilimpwaya.

"Umeacha vidonge?"

"Nimeacha vidonge, sijaacha dawa." Akanyoosha kidole. "Pima, kisha uniombe radhi."

Mtafiti akapima. Namba ilikuwa nzuri. Shangazi akapiga kigelegele.

"Leo umekula nini?"

"Nani ana hamu? Uchungu wa kikombe kile cha majani haubanduki mdomoni."

Mtafiti akamweleza habari za kundi la tatu. Shangazi alisikiliza huku akikata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo yanashusha."

"Njaa ndiyo inayoshusha. Ukila itapanda. Usipokula utakwisha."

"Hayo ya vitabuni."

"Basi tusibishane. Usinywe majani leo. Kula sahani yako ya siku zote, tupime tena."

Shangazi alianza kwa kudokoa. Baadaye akaacha maneno, akamaliza viazi, akamaliza mayai, akapangusa sahani kwa mkate. "Kumbe nilikuwa na njaa," alisema, kama anayetoa habari za mtu mwingine.

Mtafiti alisinzia juu ya vitambaa. Shangazi ndiye aliyemwamsha, kidole kikiwa tayari. Safari hii namba ilikuwa kubwa mno. Shangazi alikichukua kipimo, akakisogeza mbali na macho ili asome.

"Hii ni yangu?"

"Ni yako."

"Na muda wote huu mimi nilikuwa kundi gani?"

"La njaa, shangazi."

Shangazi hakucheka. Alifungua mtoto wa meza ya cherehani, akatoa vidonge kati ya vifungo na sindano.

"Nimeze vingapi?"

"Kama ulivyoandikiwa. Usiongeze. Kesho tutakwenda kliniki, wakupime upya."

"Kesho nina suruali ya mtu."

"Atangoja."

Shangazi alimeza, akakunja uso. Mtafiti aliipua sufuria ya majani, akaimwaga mferejini. Kisha akaketi tena. Mkuu wa maabara alikuwa bado hajaambiwa.